Mama Zamu na Mvua Inayopanda Juu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mtafiti wetu Mama Zamu anatimiza miaka thelathini na moja kazini na kustaafu. Thelathini na moja! Wengine wetu hata umri huo hatujaufikisha.

Kama hujawahi kuingia mchana katika chumba chake cha kufundishia watoto kompyuta, umekosa. Mapazia yameshushwa, kompyuta kumi na mbili zinanguruma taratibu, na ukutani zinapita ndoto za watoto: nyumba yenye mbawa, samaki juu ya baiskeli, mvua inayopanda juu. Unasimama mlangoni na rundo la nyaya mkononi, unasahau ulifuata nini.

Alitaka kila mtoto, siyo yule mjanja tu, aweze kuiambia kompyuta ifanye alichokiota. Basi watoto wakifanya kazi kwa vikundi, kompyuta moja kila kikundi, yeye alikaa nyuma na saa ya kupimia wakimbiaji, akiandika kipanya cha kompyuta kiko mkononi mwa nani, dakika ngapi.

Mwaka mmoja ripoti ilikuwa tayari, wafadhili wanaisubiri: vikundi vyote vimefaulu. Akapitia daftari lake tena. Ile mvua, iliyopigiwa makofi kuliko kazi zote, ilibuniwa na binti wa miaka tisa ambaye muhula mzima hakukigusa kipanya hata sekunde moja. Kaka yake alikishikilia, yeye kazi yake kuelekeza kwa kidole kwenye skrini. Mama Zamu akaizuia ripoti. Mkurugenzi akamwambia anajichimbia kaburi, wafadhili wakiondoka chumba kinafungwa. Akajibu kwa upole kwamba bora kifungwe kuliko kiwe cha wanaojua kusukuma wenzao.

Akaomba muhula mmoja tu. Sheria mpya: aliyeshika kipanya haamui, anamtii mwenzake, kisha wanapeana zamu. Kelele zake, mama yangu! Kaka mtu alinuna wiki mbili.

Siku ya maonyesho kazi zilikuwa mbovu, tuseme ukweli. Mipira inapenya kuta, paka ana miguu mitatu. Wafadhili wakaanza kutazamana. Mama Zamu akawaomba wachague mtoto yeyote, akae peke yake. Wakamchagua yule binti. Akaketi, miguu haifiki sakafuni, na taratibu mvua yake ikageuka, ikanyesha kwa upande kutoka ukuta hadi ukuta. Wakamchagua mwingine, na mwingine. Wote wakaweza, na wafadhili wakabaki.

Asante, Mama. Jumatatu saa nane mchana mlango utafunguliwa kama kawaida, na watoto thelathini na sita wataingia wakigombania nani aanze kuamrisha. Wewe lala mpaka uchoke kulala. Tunakuombea afya tele na siku ndefu zisizo na haraka.