Mfaume Analinda Shamba Tupu

Habari hii alinisimulia kwanza mjomba wangu Badru, muuza kahawa wa kijiweni kwetu Kibiti, mwezi wa tisa mwaka 2023, siku moja baada ya mazungumzo haya. Mfaume, mkulima wa bondeni, alikwishavuna mpunga wake wote tangu mwezi wa saba, na mkewe keshauweka ndani. Yeye hakurudi nyumbani. Alibaki dunguni, kile kibanda cha juu ya miti tunamolindia mpunga, akipiga debe kufukuza nguruwe katika shamba tupu. Alasiri ile benchini walikaa watatu: Dokta, mzee aliyewahi kufagia hospitali, Injinia, fundi wa bodaboda, na Haruna, mdogo wake Mfaume.

Dokta: Miezi miwili! Yule kaoa jini.

Injinia: Jini gani wa kukubali kulala dunguni, mzee? Wana majumba wale.

Dokta: Basi anajengewa. Mvumilivu hula mbivu.

Injinia: Kaona rupia alizofukia Mjerumani, nawaambia. Debe lile geresha, anafunika sauti ya jembe.

Badru: Rupia ndizo zimkondeshe vile?

Injinia: Basi stresi.

Dokta: Stresi ya watu wa Dar, mwanangu. Huku tuna malaria.

Injinia: Malaria ya miezi miwili?

Dokta: Imepanda kichwani, imekosa njia ya kushukia. Nimeziona hospitali.

Badru: Ulikuwa unafagia, Dokta.

Dokta: Kwani nilikuwa nafagia nimefumba macho?

Injinia: Haruna, kaka'ko yule. Sema neno.

Haruna: Namwachia wali chini ya ngazi kila siku. Anakula. Mtu anayekula ni mgonjwa?

Dokta: Umeona! Anakula, mke anaye, na mpunga umejaa ndani. Mwacheni. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

Hapo mwanamke wa makamo aitwaye Mashavu, abiria wa basi la Utete, alikuja kununua kashata. Badru akimfungia, yeye alikuwa akisikiliza.

Mashavu: Samahanini, kaka zangu. Na mwenyewe anasemaje?

Dokta: Nani?

Mashavu: Huyo wa dunguni. Mlipomuuliza, kasemaje?

Dokta alimtazama Injinia. Injinia akamtazama Haruna.

Injinia: Mimi nikipita nampigia honi.

Dokta: Mimi nilijua Haruna kamuuliza.

Haruna: Nikifika naita, "Kaka, wali!" Ananijibu, "Weka." Naweka.

Mashavu: Miezi miwili, "weka" tu?

Haruna: Sasa dada, nikimuuliza, halafu akalia mbele yangu, nitafanyaje?

Kondakta alimwita Mashavu, akaenda na kashata zake. Dokta alianza methali, akaisahau katikati. Injinia alisema labda waanze kumuuliza mkewe, kisha akasema hapana. Haruna aliinuka bila kuaga, kikombe chake kimejaa, akashika njia ya bondeni.

Waliokuwa mashambani walimwona akisimama muda mrefu chini ya dungu, mguu mmoja kwenye ngazi. Kisha akapanda. Alishuka magharibi, peke yake. Waliyoongea hakuyasema, nasi hatukumuuliza. Siku ya tatu yake debe lilinyamaza, na Mfaume akaonekana uani kwake.

Dokta alifariki mwaka uliofuata. Mjomba Badru naye ametangulia. Injinia yupo Kibiti. Mashavu hatukumwona tena, sijui habari zake. Haruna yu hai. Mfaume yu hai.