Nedyalka Kolarova, Mwalimu Aliyelichora Jua (1947–2024)

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mliosoma kwa marehemu: wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mimi, Zhechko, mdogo wake wa tumbo moja. Silvena, binti yake, ameuchapa kwa herufi kubwa ili nisikwame. Nikikwama, mnivumilie.

Marehemu Nedyalka Stancheva Kolarova alizaliwa hapa Sivo Pole, wilaya ya Dobrich, alfajiri ya tarehe 9 Machi 1947. Ilikuwa Jumapili, na jina Nedyalka kwa lugha yetu hutokana na Jumapili, ndiyo maana bibi yetu hakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Stancho, aliyekuwa msaga unga wa ushirika, na mama Yana. Mimi nilifuata miaka mitano baadaye. Hatukuwa na mwingine. Tangu akiwa mdogo, marehemu alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu. Mama akimwambia theluji imeyeyuka, aliuliza imekwenda wapi, na hakuondoka mlangoni mpaka ajibiwe.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1954. Katika miaka hiyo ndipo lilipotokea jambo lililobadilisha maisha yake, na yangu. Tarehe 15 Februari 1961, karibu saa nne asubuhi, Jua lilipatwa lote juu ya mkoa wetu. Dada alikuwa hajatimiza miaka kumi na minne, mimi nilikuwa na minane. Usiku uliotangulia alichukua kipande cha kioo cha dirisha akakipaka masizi ya mshumaa ili alitazame Jua kupitia humo, akakifunga kitambaa pembeni kisimkate. Uwanja wa shule ulikuwa na theluji hadi magotini, watoto wote wametoka. Kioo kilikuwa kimoja. Nilimwomba mara tatu. Mara tatu alinijibu, "Subiri kidogo."

Jioni ile nilipofungua kitabu, kila neno nililolitazama kwa jicho la kulia lilikuwa na shimo katikati. Daktari wa mjini alisema jicho limeungua ndani na halitarudi. Halikurudi.  Kuanzia wiki ile dada alinichotea maji zamu yangu, akanibebea mkoba, na kila Jumapili kipande chake cha nyama kilihamia kwenye sahani yangu bila mtu kuambiwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1965 mjini Tolbuhin, ambao leo tumerudi kuuita Dobrich, akaenda Sofia kusoma fizikia chuo kikuu. Alihitimu mwaka 1970 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Alitakiwa abaki kule kufundisha. Baba alipomuuliza kwa nini amerudi, alijibu kwamba Sofia ina moshi mwingi na Jua halionekani vizuri. Baba akasema, "Basi tumesomesha mtu ili aje kuangalia Jua. Hata kondoo wetu wanaliangalia, na hatujawalipia nauli."

Marehemu alifundisha fizikia na elimu ya anga katika shule ya Sivo Pole kuanzia Septemba 1970 hadi ilipofungwa mwaka 2008 kwa kukosa watoto. Katika miaka ile ya mwanzo aliandika barua nyingi wilayani hadi akapewa darubini kuukuu. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuweka jicho kwenye darubini ile mchana. Aliielekeza kwenye Jua, akaacha mwanga upite na kuangukia karatasi nyeupe iliyobanwa kwenye ubao. Hapo Jua lilionekana kubwa kama sahani ya supu, na madoa yake yote meusi. Dada aliyafuatisha kwa penseli, moja baada ya jingine, akaandika tarehe na saa. Alianza tarehe 4 Mei 1974. Kila siku isiyo na mawingu alichora. Alichora asubuhi ya harusi yake. Alichora siku tuliyomzika baba, akiwa na kitambaa cheusi kichwani, kisha akaja kanisani na risasi ya penseli vidoleni.

Kuhusu ndoa: darubini ilihitaji nyumba, na nyumba ya darubini huhitaji kuba inayozunguka. Ushirika ulikuwa na fundi wa kuchomelea aitwaye Radoy Kolarov, mtu mpole, mwenye maneno machache. Mwanamume mwingine angeleta maua. Huyu alileta bati la paa la ghala la ngano lililobomolewa, akalikunja kuba, akaliweka juu ya magurudumu ya toroli. Kazi ya wiki mbili ikamchukua miezi minane. Mama alimwita pembeni akamuuliza, "Mwanangu, hiyo kuba ina tatizo gani lisiloisha?" Radoy akasema, "Kuba haina tatizo, mama. Tatizo ninalo mimi." Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1976. Mungu akawajalia binti mmoja, Silvena, mwaka 1979. Radoy alitangulia mwaka 2011, na leo tumemlaza mkewe kando yake.

Sasa nifike tarehe 11 Agosti 1999, maana wengi wenu mlikuwepo, lakini kuna sehemu hamkuiona.

Kwa mara ya pili katika maisha yake, Jua lilikuwa linakuja kupatwa lote juu ya kijiji chetu hiki hiki. Marehemu alijiandaa miaka miwili. Alipita nyumba kwa nyumba akigawa miwani ya karatasi, na alihesabu macho, si watu. Bibi Ganka, jirani yetu, alipomwambia kwamba yeye haangalii ng'o, alijibiwa, "Shangazi, usipoangalia wewe, mbuzi wako ataangalia. Chukua." Uwanja wa shule ulijaa wageni kutoka Sofia na nchi za mbali. Dada alikuwa ameweka kamera tatu kwenye darubini. Picha zile ndiyo zilikuwa ndoto yake.

Mimi nilikuwa nimejifungia kwenye stoo ya chini ya nyumba yangu, kati ya mapipa matupu ya kabichi, na chupa ya rakia, pombe kali ya plamu zangu mwenyewe. Yapata saa nane mchana, Jua likiwa limebaki kipande chembamba, nikasikia mlango unagongwa.

"Zhechko, fungua."

"Sitoki. Lilishakula jicho moja, nimebakiwa na moja. Wewe si mwalimu wa hesabu? Hesabu."

"Mimi mwalimu wa fizikia. Fungua, siwezi kuzungumza na mbao."

Nikafungua. Nilimuuliza kamera kamwachia nani. Akasema Radoy. Akaketi juu ya pipa, akawa anapumua kwa nguvu maana alikuwa amekimbia kutoka shuleni. Kisha akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya baba.

"Uliniomba mara tatu," alisema. "Mara tatu, Zhechko. Ningekupa mara ya kwanza tu, leo ungekuwa na macho mawili. Kila ninapolichora lile Jua nakumbuka hilo. Watu wanadhani nalipenda."

Ndugu zangu, hapo ndipo ilinibidi niseme jambo nililolificha miaka thelathini na minane.

"Dada, mimi nilikuwa nimeshaliangalia."

"Nini?"

"Kabla sijakuomba kioo. Nilishindana na Todor, mtoto wa mhunzi, nyuma ya ghala la kuni. Atakayefika mia bila kupepesa ndiye mshindi. Nilifika tisini na moja. Nilipokuja kukuomba kioo, jicho lilishaanza kutoa machozi."

 Akasema polepole, "Maji. Nilikuchotea maji majira matatu ya baridi."

"Ndiyo, dada."

"Na nyama?"

"Nyama ilikuwa tamu, dada. Ningesemaje?"

Alivua kandambili akanipiga nayo begani, tena, na tena, huku analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba nikajikinga kwa mfuniko wa pipa. Halafu akatazama saa yake. "Simama, mwongo mkubwa. Zimebaki dakika sita."

Akanivuta mkono hadi uani. Mwanga ulikuwa umekuwa wa ajabu, wa kijivu kama bati, na vivuli vyetu vilikuwa na kingo kali kama vimekatwa kwa mkasi. Kuku walikuwa wanapanda bandani kwa foleni. Akanivisha miwani ya karatasi. Nilimsikia anasema, "Tazama ukutani," na kwenye ukuta wangu uliopakwa chokaa nikaona, nikichungulia chini ya miwani, mistari ya kivuli inatembea, kama maji yanavyocheza chini ya mto. Kisha kivuli chenyewe kikaja kutoka magharibi juu ya mashamba ya alizeti, kikafunika kilima, kikafunika mnara wa kanisa, kikatufunika sisi. Kutoka shuleni watu wakapiga kelele kwa lugha ambazo sizijui.

"Vua miwani."

"Sivui."

Alinivua mwenyewe. "Sasa hivi halina meno. Tazama, mdogo wangu."

Nikatazama. Mahali pa Jua palikuwa na duara jeusi kuliko weusi wowote niliowahi kuuona, likizungukwa na nywele nyeupe ndefu, laini, zimesimama kila upande kama zimechanwa na mtu mwenye subira. Ukingoni palikuwa na vishanga vyekundu, vitatu ama vinne, vinawaka. Zuhura iling'aa mchana kweupe. Upeo wote wa mbingu, pande zote, ulikuwa na rangi ya machweo. Kwa jicho la kulia, lile lililoungua, niliinamisha kichwa kidogo, nikaona kwa pembe yake. Nalo liliona.

Dada alikuwa anahesabu sekunde kwa sauti. "Kumi zimebaki. Tano. Fumba!" Na kabla sijafumba, viganja vyake viwili vilikuwa vimeshanifunika uso. Basi ule mwali wa kwanza, ambao wote mnausimulia mpaka leo kwamba ulikuwa kama kito cha pete, sisi wawili hatukuuona. Mimi nilikuwa gizani viganjani mwake, na yeye alikuwa ananichunga.

Tulipofika shuleni, Radoy alikuwa amesimama kando ya darubini, mweupe kama chaki. Alipiga picha thelathini na sita bila kutoa vifuniko vya kinga. Zote zilikuwa nyeusi. Wageni walingoja mwalimu aanguke. Yeye alimbusu mumewe shavuni akasema, "Usijali. Nimeona."

Tangu siku ile aliendelea kuchora, na nilimuuliza mara moja kama bado analichukia. Akasema, "Nilichora miaka ishirini na mitano kwa sababu ya jicho lako. Sasa nachora kwa sababu ni zuri." Tarehe 8 Juni 2004 alituita wote kuona Zuhura ikipita mbele ya Jua, kidoa cheusi cha mviringo kilichotembea karatasini kwa saa sita, na bibi Ganka akaketi nacho mwanzo hadi mwisho akifuma soksi.

Mwaka 2019 mkono wa marehemu ulianza kutetemeka. Mchoro wa mwisho ni wa tarehe 17 Oktoba 2021, namba 11,216. Baadaye moyo nao ukachoka, na kuanzia majira ya baridi yaliyopita alikuwa wa kiti cha magurudumu. Lakini tarehe 10 Mei mwaka huu, yapata saa tano usiku, bibi Ganka alipiga simu kwa zimamoto kwamba anga ya kaskazini inaungua. Nilimsukuma dada hadi uani. Mbingu ilikuwa nyekundu kama divai, na nguzo za waridi zikisimama na kufifia. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Shangazi Ganka, waambie warudi. Moto huu uko kilomita mia tatu juu, hawana ngazi." Akaniambia kwamba ni kazi ya Jua, dhoruba iliyotoka kwenye madoa makubwa yaliyokuwepo wiki ile. Alikataa kurudi ndani mpaka saa nane.

Alilazwa hospitali ya mkoa tarehe 28 Agosti. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, usingizini, Silvena akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Marehemu ameacha binti mmoja, Silvena, na mkwewe Kaloyan, wa Plovdiv. Mjukuu mmoja, Boryana. Wanafunzi wa miaka yake thelathini na minane ya ualimu. Na mimi, mdogo wake, mzee wa miaka sabini na miwili, ambaye tangu Jumanne hakuna tena mtu duniani anayeniita "wewe mtoto".

Ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu, kama ilivyo desturi yetu, ipo mezani kwa Ganka. Asiondoke mtu bila kuonja. Mungu ampokee, na udongo wa Sivo Pole uwe mwepesi juu yake.