Namba Tisa Ilipohama

Nje ya kibanda cha fundi viatu kuna benchi lenye mguu mmoja wa kuazima, na hapo ndipo ubishi huchemka kabla ya kahawa. Siku hiyo walishikana kuhusu namba za barabara kuu. Kibao, aliyezeekea kwenye kazi ya kusimika vibao vya barabarani, aliwasikiliza tu. Asubuhi kaka yake alikuwa amekataa tena kuja nyumbani.

— Namba witri huenda kaskazini na kusini, shufwa mashariki na magharibi, alisema Gia, aliyewahi kuendesha malori.

— Wapi! Wizara wanafuata umri, fundi akabisha. Namba moja ndiyo iliyochongwa kwanza.

— Na zenye tarakimu tatu?

— Hizo fupi. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi.

— Acha wewe. Wanahesabu mashimo, wakichoka wanaandika walipofikia.

Wakacheka. Kibao hakucheka.

— Ikijengwa barabara mpya, inarithi namba, alisema. Ya zamani inaongezewa mia. Tisa yetu ikawa mia na tisa. Kaka yangu akafuata tisa mpya, ikampitisha mbali na kwetu. Anafika, mama tumeshamzika. Nikamwambia palepale kaburini: hukutazama vibao. Tangu siku hiyo hajarudi. Anaona aibu.

— Wizara hiyo, Gia akasema. Mwacha asili ni mtumwa.

Dada mmoja mgeni, aliyekaa pembeni mguu mmoja peku akisubiri kisigino cha kiatu chake, akauliza:

— Samahani mzee, nani alimwambia afuate tisa?

Gia akamtazama fundi, fundi akatazama kiatu. Kibao aliukumbuka wazi mkono wake ukikaza nati za kibao cha mia na tisa, siku tatu kabla ya msiba. Kisha simu ya kaka, anauliza njia, na yeye katikati ya waombolezaji anajibu kwa mazoea: fuata tisa, kama siku zote. Miaka sita amemwacha ndugu yake aubebe mzigo usio wake, na roho ilimuuma kwa hilo kuliko kwa msiba wenyewe.

— Mimi, akasema. Na kibao cha mia na tisa nilikuwa nimekisimika mwenyewe.

Gia aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Yakatoka mashapo ya kahawa.

— Na yeye analijua hilo? dada akauliza.

Kibao akatoa simu, akaitafuta namba ya kaka yake.