Fundi Randa na Miguu ya Viti vya Amani

Siku ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Fundi Randa atakabidhi funguo za karakana baada ya kuitumikia Sekretarieti yetu ya Usalama wa Kanda kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Jina la Randa tulimpa wenyewe, maana hata akienda kunywa chai, randa iko kwapani. Nimeombwa nimwandikie ukurasa huu kwa kuwa mimi ndiye mhudumu wa maji ukumbini, na tumepishana naye mlango mmoja miaka ishirini na miwili. Shule yangu ni ndogo, lakini macho ninayo.

Aliajiriwa kukaza bawaba. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshatengeneza ile meza ndefu ya mazungumzo, ya hatua kumi na nane, isiyo na msumari hata mmoja. Vibanda vya wakalimani ni kazi yake pia. Mlango wa ukumbi ameutengeneza upya mara tisa, kwa sababu waheshimiwa hupenda kutoka kwa hasira. Chakula kikiiva hurudi. Isipokuwa mara moja tu, sijapata kuona aliyesusa mazungumzo akasusa na sahani.

Ila kilichomfanya ajulikane ni viti.

Miaka kumi na sita iliyopita vita vya mtoni vililetwa mezani kwetu. Nchi mbili, mto katikati, na daraja moja lililofungwa na wanajeshi wa pande zote. Sisi wafanyakazi tuliwaita wageni hao Wa Kulia na Wa Kushoto, kwa jinsi walivyokaa. Siku ya kwanza tu, msaidizi wa Wa Kulia alitoa futi mfukoni, akapima kiti cha waziri wa upande wa pili, akakuta kinazidi cha bosi wake kwa unene wa kidole. Mazungumzo yakasimama siku mbili. Huko mtoni watu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani, na hapa wasomi wenye tai walikuwa wametambaa chini ya meza wakikagua miguu ya viti. Mungu anisamehe, nilitamani jagi linitoke mkononi.

Fundi akaitwa, akakata. Kikao kilichofuata Wa Kushoto wakaja na futi yao. Akakata tena. Aliwashauri wamruhusu aweke vipande vya mpira chini ya kile kilicho kifupi, wakasema waziri wao hawezi kukalia kiti kilichovaa viatu. Alitaka kuipunguza na meza, akaambiwa urefu wa meza umo kwenye makubaliano ya awali, na kuyagusa hayo kunahitaji marais wote wawili. Basi viti vikashuka, meza ikabaki. Kufikia kikao cha kumi na tisa, mawaziri wawili wenye vitambi vyao walikaa magoti yakigusa vifua na videvu vikigusa meza, kama watoto wa darasa la kwanza. Na bado walitishana kwa mizinga. Debe tupu hata ulikate nusu litavuma.

Mwenzetu hakuwacheka. Moyo wake ulikuwa kwenye ajenda ya saba: kufungua daraja kwa waendao kwa miguu. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliolewa ng'ambo ya mto. Daraja ni hatua mia mbili na kumi. Alizihesabu utotoni akimpelekea unga. Tangu lifungwe hajamtia machoni. Kuzunguka kwa nchi ya tatu alikatazwa, kwani mfanyakazi wa Sekretarieti haruhusiwi kukanyaga ardhi ya upande wowote, tusije tukaambiwa tunaegemea. Kwa hiyo kila nilipotoka na jagi tupu, nilimkuta mlangoni.

"Wamefika saba?"

"Wako kwenye mbili, kaka. Wanabishana nani alianza kutukana."

"Haya, Mama Jagi. Siku bado mbichi."

Mwaka juzi walifika. Nilikimbia hadi karakana na umri wangu huu, tukaja kusimama mlangoni wote wawili. Mwenyekiti akasoma ajenda ya saba, na waziri wa Wa Kulia, sijui malaika gani alimgusa, akasema anakubali, tena atavuka upande wa pili wa meza akatoe mkono. Akajaribu kuinuka. Kiti kilikuwa chini mno. Akajisukuma, akarudi; akajisukuma tena, akarudi. Wasaidizi wawili wakamtia mikono makwapani wakamvuta kama gunia la mkaa. Wa Kushoto wakaangua kicheko. Aliposimama hakutoa mkono, alitoa kidole. "Mmetuita hapa mtudhalilishe," akasema, akatoka, na safari hiyo hata chakula hakurudi kula.

Tangu hapo ajenda ya saba haijasomwa. Ripoti iliandika kwamba kikao kiliahirishwa kwa sababu ya viti, na Fundi akayabeba maneno hayo moyoni. "Msumeno wangu ndio uliofunga daraja," aliniambia. Nilimjibu, na sasa narudia kwa maandishi ili wote wasome: msumeno haujipeleki kwenye mti. Serikali mbili zenye ndege, vifaru na mabalozi wa kila namna zimeshindwa kufungua geti moja, halafu lawama ziende kwa mtu mwenye penseli sikioni? Viti vipya vimeshaagizwa, vya kupanda na kushuka kwa kubonyeza. Nasikia tayari wanabishana nani abonyeze kwanza.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba gunia lililoko nyuma ya karakana. Ndani yake alikuwa ameweka kila kipande alichokata miaka yote hiyo. Ofisi ya vifaa ilimjazisha fomu tatu, kwa sababu vipande hivyo ni mali ya mazungumzo ya amani. Akaviunga kwa gundi, akavipiga msasa, akatengeneza kigoda. Dada yake magoti yamechoka, hawezi tena kuyapiga akisali. Sasa atakaa.

Wiki ijayo Fundi si mfanyakazi wetu tena, kwa hiyo anaruhusiwa kukanyaga popote. Atapanda basi siku nne kuzunguka kwa nchi ya tatu, na kigoda amekiviringisha kwenye blanketi.

Kaka, asante kwa meza na milango, na kwa uvumilivu ambao wenye tai hawakujaaliwa. Tunakuombea kwa Mungu njia salama, afya, na uzee wa kukaa karibu na wako. Ukifika, mkalishe dada kwanza, ndipo unipigie. Nitakuwa mlangoni na jagi langu, na swali langu unalijua: umefika saba?