Bomba Lisilo na Moshi: Kumuaga Mzee Kepher Amolo

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1939, Mzee Kepher Amolo, mtu wa boila katika kiwanda chetu cha chai cha Cheptilil, anastaafu baada ya miaka kumi na minne ya kazi. Alifika mwaka 1925 na shoka begani, kukata msitu uliokuwa mahali chai ilipo sasa. Kiwanda kilipojengwa alikabidhiwa boila, na tangu siku hiyo nguo zake zote zina rangi moja. Mkewe, Mama Syprose, alishakata tamaa ya kuzitakatisha.

Kazini hakuwa na mzaha. Kuni mbichi alizikataa hata zikiletwa na nyapara mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kuungua katika zamu yake. Lakini wengi watamkumbuka kwa jambo lisiloandikwa katika vitabu vya ofisi, yaani mkutano wa kila mwezi nyumbani kwake, wa watu waliokuja kazi mbali na kwao. Walikuja wa kutoka ziwani, wa Kisii, na sisi wa kutoka Nyeri, kutoka mashamba yote ya chai, toka Sosiot hadi Kapkatet. Hapo mgeni alipata ndugu, barua ilimpata mwenyewe, na mgonjwa alipata wa kumtembelea.

Mwanzo wake ulikuwa kichekesho. Mwaka 1929 Mzee alituma habari kwamba tukutane kwake mwisho wa mwezi. Alisahau kwamba mashambani mwezi wetu ni tikiti, siku thelathini za kazi, na aliyeugua mwezi wake huchelewa kuisha. Basi kila mtu akaja tikiti yake ilipojaa. Kwa wiki tatu wageni waliingia mmoja mmoja, wawili wawili, kila mmoja akiuliza wenzake wako wapi, na Mama Syprose akasonga ugali mpaka unga ukamwishia.

Mimi Zacheus Mureithi, karani mwenye kalenda ukutani, nilishauri tutume vikaratasi vyenye tarehe. Niliandika arobaini kwa mwandiko mzuri sana. Waliojua kusoma walikuwa watatu, nami nikiwa mmoja wao.

Dawa aliipata Mzee mwenyewe. Boila husafishwa mara moja kwa mwezi, na meneja humwachia mtu wa boila achague siku. Akachagua Jumapili ya kwanza, moto ukizimwa Jumamosi adhuhuri. Bomba letu la moshi linaonekana kutoka vilima vyote vya karibu. Lisipotoa moshi, kesho yake ni kwa Amolo, na kila mtu aje na kigoda chake, maana nyumba ilikuwa na viti viwili tu. Kwa miaka kumi hatujakosea tena.

Kulikuwa na mmoja tu asiyefurahi. Sisi tukila samaki wa Mama Syprose, Onyancha, msaidizi wa Mzee, alikuwa ndani ya boila akikwangua kutu. Miaka sita hakuketi nasi hata mara moja. Alisema waziwazi kwamba boila ingefaa isafishwe Jumatatu, ili naye apumzike Jumapili kama Wakristo wengine. Na kwa kweli alikuwa na haki, ila hatukupenda kulisikia neno hilo.

Kwa hiyo Mzee alipotangaza kwamba anaondoka tuliogopa, naye aliogopa kuliko sisi. Nyumba ingerudi kwa shamba, boila ingekuwa ya Onyancha, na mkutano ungekufa. Hata hivyo hakumwomba Onyancha aendelee na Jumapili ile. Alisema mwenye boila ndiye huchagua siku. Mama Syprose anasema siku hizo alikuwa anaacha nusu ya chakula.

Boila alimkabidhi Onyancha mwisho wa Mei. Jumamosi tarehe 3 Juni alisimama uani akitazama bomba. Saa sita moshi ulikuwa ukitoka. Saa nane bado. Akaingia ndani akaketi, nami nikamfuata. Saa tisa na robo Mama Syprose alituita nje. Moshi ulikuwa umekatika.

Kesho yake alasiri Onyancha alifika, masizi masikioni, kigoda mkononi. Alikuwa ameingia boilani alfajiri ili awahi. Alisema mbele ya watu wote, “Mzee, majani ilikuwa mingi, ndiyo nikachelewa kuzima. Mwezi ujao watu wakuje kwangu.” Mzee Kepher alilia, nasi tukajifanya tunatazama samaki.

Mzee, asante kwa moto uliouwasha na kwa ule uliouzima. Asante, Mama Syprose, kwa ugali wa wiki tatu. Tunawaombea afya na mvua ya kutosha huko kwenu Nyakach, na wajukuu wasiochoka kuwasumbua. Kesho Jumamosi adhuhuri, lori litakalowapeleka likifika juu ya kilima, geukeni mtazame bomba.

Na siku utakayorudi kututembelea, Mzee, kumbuka kwamba sasa wewe ni mgeni. Njoo na kigoda chako.