Bi Praxeda Aliyeishusha Meli ya Angani

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi Praxeda Zabron anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu kwa miaka ishirini na minne. Anaondoka kazi ikiwa imekamilika, na sisi wenzake hatimaye tumeshusha pumzi.

Aliajiriwa mwaka 2001 kupokea wageni na simu. Siku moja msomaji wa hadithi aliugua koo, akaombwa asome yeye. Alisoma amevaa koti zito kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi cha studio, na tangu siku hiyo koti na kipindi cha Kitabu cha Saa Kumi vikawa vyake. Wapo wazee waliompigia simu wakaanza na shikamoo, ndipo wakakumbuka kwamba wao ndio wakubwa.

Kitabu chake cha mwisho, alichokianza tarehe 3 Machi, kilitutia homa. Nyangumi wa Mawinguni ni riwaya ya vijana. Binti aitwaye Tuhfa anajiunga na meli ya angani, puto refu lenye injini, ili akamtafute kaka yake kisiwani Pemba. Tatizo ni kwamba meli hairuki. Mwezi mzima wako Pongwe wanashona puto tu. Ilikuwa Ramadhani, watu wanasikiliza huku wakipika futari, na ujumbe ukamiminika.

"Bi Praxeda, hilo ni puto au mnadarizi kofia?" aliandika Bwana Jaku wa Makorora.

"Mwache ashone, Jaku," Bi Mastura wa Muheza akamjibu. "Likichanika juu, utalidaka wewe?"

Kila umeme ulipokatika Muheza, Bi Praxeda alirudia sura nzima kesho yake. Hivyo siku zikatuishia. Alhamisi iliyopita, siku moja kabla ya kipindi chake cha mwisho, meli ilikuwa katikati ya dhoruba, Tuhfa ananing'inia kwenye kamba, na sura nne zimebaki, naye husoma moja kwa siku, nusu saa. Mkuu wa vipindi, Bwana Mundhir, alimshauri aruke mbili. Alikataa. Mishono ile ya Ramadhani ndiyo iliyokuwa inamwokoa Tuhfa na wenzake, alisema. Akiruka hapo, watu watakuwa wamevumilia bure. Wala hakutaka kumwachia mtu mwingine abiria wake hewani. Siku hiyo hakugusa hata chai.

Jioni hiyo watuma salamu, watu wasiokubali kamwe majina yao yarukwe, walimwachia saa nzima ya kipindi chao cha Ijumaa. Bwana Jaku aliandika kwa niaba yao: "Salamu zetu msisome. Tushushieni huyo mtoto."

Ijumaa meli ilitua salama kwenye shamba la mpunga, Pemba, kaka mtu akiwa wa kwanza kushika kamba. Chumba cha habari kizima kilipiga makofi.

Dada Praxeda, asante kwa kutoruka sura na kwa kutungoja. Ukapumzike kwa afya na furaha, na saa kumi uwe msikilizaji. Koti uliliacha kwenye kiti cha studio. Tumeliona, na hatulirudishi. Kiyoyozi bado ni kilekile.