Sindano Tulizozikataza: Risala ya Wauza Maziwa wa Iftin, Garissa, 1999

Mgeni rasmi, Daktari kutoka Wizara ya Afya. Bwana Mkuu wa Wilaya. Masheikh na wazee wetu wa mstari wa mbele. Akina mama wenzetu. Na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kama wapita njia: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KARIBU

Sisi wauza maziwa wa Iftin tunakukaribisha Garissa. Pole kwa joto, na pole kwa kungojea askari wa kusindikiza magari. Tunajua msafara wa kurudi unaondoka saa nane na haumngoji mtu, hata awe wa serikali, kwa hiyo habari za ngamia wetu tutaziacha. Maziwa uliyopewa yametiwa moshi. Ukisikia harufu ya kuni usidhani yameungua. Ndivyo yanavyotakiwa yawe.

Tumeambiwa unakusanya maneno ya wilaya zote ili serikali iandike mpango wa nchi nzima wa kuzuia UKIMWI. Baada yetu utasomewa taarifa ya kamati ya mji. Tulikuwepo ilipoandikwa, maana sisi ndio tulioleta chai. Humo wamesema: "Vijana wanaojidunga sindano, hapa hakuna." Mgeni rasmi, tunakuomba usiondoke na neno hilo. Wazee wetu, tunajua mmeanza kukohoa. Kohoeni, tutangoja.

TULIPOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa baada ya ule ukame uliomaliza mifugo ya wengi wetu. Tulishika mitungi tukaanza kupokea maziwa alfajiri na kuyauza sokoni. Kwa maziwa hayo tumesomesha watoto, tumeoza mabinti, na choo cha soko, kile chenye mlango wa bati la kijani, ni sisi tuliochimbisha.

Tuna kitu kingine kisichoonekana. Kwetu dua ya mama inatafutwa, na habaar yake, yaani laana, inaogopwa kuliko askari. Ikitoka kwa mama mwuza maziwa inaogopwa zaidi, maana kila mwenye ngamia hapa anataka maziwa yake yafike sokoni.

KAZI TULIYOFANYA TUKASHANGILIWA

Unga wa kulevya uliingia mjini na vijana wa malori waliokuwa wakishuka Mombasa. Kwanza walivuta. Halafu tukaanza kuokota sindano nyuma ya vibanda, pale watoto wadogo wanapocheza peku. Tukasema hili ni letu.

Tulikwenda mchana, sote, na mitungi mitupu, mpaka kwa Mzee Olow anayeuza dawa za watu na za mifugo. Tukaipindua mitungi mlangoni pake tukatamka: atakayemwuzia kijana sindano, viwele vya mifugo yake vikauke. Tukazunguka na maduka mengine. Hakuna aliyethubutu tena. Tulisifiwa mpaka msikitini, na Bwana Chifu akatuita mfano wa mkoa.

Lakini kiu ya unga haikuondoka. Kilichoondoka ni sindano tu.

YALIYOFUATA

Guled, mwana wa mwenzetu Anab, alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Alikonda mpaka mama yake akawa anambeba mwenyewe kumtoa uani. Wengine walisema ni kifua. Wengine wakasema UKIMWI ni wa watu wa Kenya ya kule chini, kana kwamba ukifika daraja la Tana unaombwa kitambulisho. Sista Ruweyda, mwuguzi wetu, alimtoa damu ikapelekwa Nairobi. Jibu lilirudi Guled ameshazikwa: ni huo huo UKIMWI.

Hapo bibi mmoja wa kikundi chetu alimkalisha mjukuu wake, rafiki wa Guled, akamwuliza:

"Sindano mlitoa wapi, na maduka tulifunga?"

Kijana akacheka. "Ayeeyo, nyinyi mlifunga za watu. Za mbuzi mlisahau."

"Za mbuzi vipi?"

"Za mnadani. Mchungaji alituachia moja, nene kama mwiba wa mgunga. Tulikuwa tunapanga zamu."

"Moja? Nyote?"

"Si mlisema tukipewa nyingine ni habaar?"

"Na Guled?"

"Guled mishipa yake ilikuwa imeharibika, anachelewa sana kuipata. Tulikuwa tunamhurumia, tunampa awe wa kwanza, sisi tunafuata."

Mgeni rasmi, yule bibi alimaliza kufua nguo zote za nyumba siku hiyo, hata zilizokuwa safi.

YANAYOTUKABA

Tulirudi kwa Mzee Olow tukamwambia, "Mzee, uza, tumeghairi." Akatuuliza, "Mliifunga mchana mbele ya watu, leo mnaifungua kwa kunong'ona? Mimi nina ngamia, mama zangu. Kaiondoeni habaar yenu mbele za watu." Alisema haki.

Sheikh naye alituuliza kama tunataka kuwasaidia watoto katika haramu. Jawahir wetu, ambaye mdomo wake mnaujua, akamjibu: "Sheikh, mwizi akiumwa na nyoka zizini kwako, utamwacha na sumu kwa sababu alikuja kuiba?" Sheikh hakutukataza tena. Tulimshukuru hata kwa hilo.

Na sasa vijana hawa wanajificha. Wenzao wanawatupia mawe, jamaa zao wanawafunga minyororo. Hatujui ni nani mzima na ni nani ana ugonjwa, maana hakuna anayetaka kupimwa mahali ambapo jibu lake litafika sokoni kabla yake.

TUNAYOOMBA

Mpango wa nchi utaje vijana wetu. Asiyetajwa haletewi dawa. Tunaomba mtu wa afya awafuate pale walipo, achukue sindano iliyotumika na kutoa mpya, jinsi Sista Ruweyda alivyotueleza kwamba inafanyika kwingine. Tunaomba damu ipimwe hapa hapa, na jibu lipewe mwenyewe kwa siri. Na atakayechoka na unga apate pa kupelekwa pasipo na mnyororo.

Kwa upande wetu hatutaingoja Nairobi. Mzee Olow, uko hapo kando ya nguzo, na watu ni wale wale. Sisi wauza maziwa wa Iftin tunaiondoa habaar yetu. Viwele vyenu vijae. Uza sindano safi, na kijana akija usimtukane.

Limebaki moja. Watasema risala hii ni uvumi wa sokoni. Vijana hatutawasimamisha, tusije tukawapa wenye mawe shabaha. Tumekubaliana tusimame sisi. Kila mama na kila bibi ambaye nyumbani kwake yuko kijana wa sindano, mzima au mgonjwa au aliyezikwa, asimame sasa, mgeni rasmi aone kwa macho yake.

Anab, simama, mwenzangu.

Mimi msomaji, Shurie, nilikwisha kusimama. Yule rafiki wa Guled aliyepanga zamu ni Hanad, mjukuu wangu.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, aulainishe moyo wa kila atakayelisoma neno utakalolipeleka, amrehemu Guled, na awabakize waliobaki. Amin.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wauza Maziwa, Iftin, Garissa.